Cheo Kikukute Kazini

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliyetaka katika miaka ya 1950 kuandika tasnifu ya uzamivu kuhusu mwendo wa hewa kwenye bawa la ndege, aliweza kusimamiwa na mwanamke mmoja Mjerumani. Mama huyo alifundisha masomo magumu kuliko mengi ya idara yake. Aliongoza semina ya kila wiki ambamo wanafunzi na walimu walikutana kubishana juu ya utafiti. Mwaka 1953 alikuwa tayari ametoa kitabu kilichofungua njia katika fani yake. Kazi yote ya profesa aliifanya. Kwenye daftari la chuo aliandikwa mhadhiri, basi.

Aliandikwa hivyo kwa zaidi ya miaka kumi.

Anaitwa Irmgard Flügge-Lotz, na leo nataka akuamshe. Nakuandikia wewe mwalimu unayejitolea shule ya kata huku ukibeba vipindi vya watu watatu. Nakuandikia wewe fundi sanifu unayechora ramani nzima, kisha mwingine anaweka sahihi. Nakuandikia hasa wewe binti uliyebaki peke yako kwenye darasa la umakanika, unayejiuliza kila Jumatatu kama ulikosea njia. Hukukosea. Kaa nikusimulie.

Alizaliwa tarehe 16 Julai 1903 katika mji wa Hameln, ule ule wa hadithi ya mpiga filimbi na panya wake. Baba yake, Oscar Lotz, alikuwa mwandishi wa habari aliyependa sana hesabu. Upande wa mama walikuwa watu wa ujenzi, na mtoto Irmgard alizoea kupelekwa na wajomba zake kwenye majengo yaliyokuwa yakiinuliwa, akayaona matofali yakipanda. Kisha 1914 vita vikuu vikalipuka, baba akaandikishwa jeshini. Nyumba ikabaki na pengo la mshahara. Msichana huyo, angali mwanafunzi wa sekondari mjini Hannover, akaanza kuwafundisha wenzake hesabu na Kilatini kwa malipo ili nyumbani wapate chakula.

Simama hapo kidogo. Wangapi kati yetu tumetaja ugumu wa nyumbani kama sababu ya kuiacha hesabu? Yeye ugumu wa nyumbani ulimfanya aifundishe. Na yeyote aliyewahi kufundisha anajua kwamba somo huingia kichwani kwa mwalimu kabla ya kuingia kwa mwanafunzi. Zile saa za jioni alizouza kwa senti chache zilimjengea msingi ambao hakuna karo ingeununua.

Mwaka 1923 akaingia Chuo cha Ufundi cha Hannover kusoma hisabati na uhandisi. Ujerumani wakati ule ilikuwa katika mfumuko wa bei ambao haujasahaulika hadi leo, fedha ikipoteza thamani kati ya asubuhi na jioni. Katika madarasa mengi alikuwa mwanamke peke yake. Alipoulizwa baadaye kwa nini alichagua uhandisi, alieleza kwamba alitaka maisha ambayo hayatamchosha kamwe, maisha ambayo kila mara kutakuwa na jambo jipya. Nalipenda sana jibu hilo kwa sababu halina majivuno. Hakusema anataka kuwa wa kwanza wala kwamba anawaonyesha wanaume. Alitaka kazi itakayomfanya aamke na hamu. Ukichagua fani kwa sababu hiyo, siku ambazo hakuna anayekusifu hazitakuua.

Shahada ya kwanza ya uhandisi aliipata 1927, na 1929 akawa daktari wa uhandisi kwa tasnifu ya hisabati ya jinsi joto linavyosafiri ndani ya mitungi. Mezani zikawapo nafasi mbili za kazi: moja kwenye viwanda vya chuma, nyingine kwenye kituo cha utafiti wa mwendo wa hewa mjini Göttingen. Akaenda Göttingen.

Na Göttingen wakampa kazi gani? Nusu ya muda wake ilikuwa ya kupanga katalogi, yaani kuorodhesha na kuhifadhi maandishi ya wengine. Nusu nyingine ndiyo ya utafiti. Daktari wa uhandisi, mwenye umri wa miaka 26, anapanga karatasi! Wengi wetu tungenuna. Tungekaa tumekunja mikono tukisubiri bosi atambue kipaji chetu. Irmgard alizichukua zile saa chache za utafiti na kuziingiza mahali penye uzito kuliko pote pale kituoni: mlinganyo wa mkuu mwenyewe.

Mkuu alikuwa Ludwig Prandtl, mtu ambaye wahandisi wa ndege bado wanamtaja kwa heshima. Mwaka 1904 alikuwa ameeleza jambo ambalo hakuna aliyelifikiria sawasawa kabla yake, kwamba kile kitabaka chembamba cha hewa kinachogusana na bawa ndicho kinachoamua mengi ya yanayotokea. Miaka ya vita akatoa nadharia nyingine, ya namna bawa linavyobeba ndege, iliyochapishwa 1918 na 1919. Nadharia ilikuwa nzuri mno. Tatizo ni kwamba kuikokotoa kwa bawa la umbo lolote lile ilikuwa balaa.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo penye utamu. Hewa chini ya bawa ina mgandamizo mkubwa kuliko hewa ya juu yake, na tofauti hiyo ndiyo inayoiinua ndege. Lakini kwenye ncha za bawa hewa ya chini hupata upenyo wa kukwepa kwenda juu. Inajiviringisha, inaacha nyuma ya ndege mikondo miwili inayozunguka, na mikondo hiyo nayo inaigeuza hewa inayolifikia bawa zima. Kwa hiyo ukitaka kujua kipande cha katikati kinabeba uzito gani, lazima kwanza ujue vipande vyote vingine vinabeba nini. Na hivyo vingine haviwezi kujulikana mpaka ukijue hicho cha katikati. Unazunguka pale pale. Kwa bawa lenye umbo la duaradufu hesabu ilitoka vizuri. Kwa mabawa yaliyochongwa kama waunda ndege walivyoyahitaji, yenye ncha nyembamba, yaliyopinda, yenye vipande vya kuongozea, jambo lilikuwa limemsumbua Prandtl kwa karibu mwongo mmoja.

Irmgard akaugeuza mlinganyo ule. Badala ya kuuvamia ukiwa mzima, aliuvunja mgawanyo wa nguvu kwenye bawa ukawa jumla ya mawimbi, kubwa, la kati, dogo, dogo zaidi. Upana wa bawa na mkao wake kila sehemu navyo akavivunja vivyo hivyo. Fumbo likageuka orodha ya milinganyo ya kawaida ambayo mhandisi yeyote mwenye penseli, karatasi na mashine ya kujumlisha angeweza kukaa nayo akaimaliza. Alichapisha 1931. Njia hiyo wahandisi wakaiita kwa jina lake, njia ya Lotz, na waunda ndege wakaitumia kwa miaka mingi kabla ya kompyuta kufika.

Ona alichokifanya. Hakuvumbua nadharia mpya ya kumpiga kikumbo Prandtl. Aliichukua kazi ya mkubwa wake mahali ilipokwama, akaifikisha mahali inapotumika. Kila ofisi ina kitu kama hicho: mfumo mzuri ambao hakuna anayeweza kuuendesha, mchoro wa mradi ambao haujengeki, daftari la takwimu ambalo kila mtu analikwepa. Tafuta kilichokwama kazini kwako. Usiulize kama kimo kwenye majukumu yako, kwa sababu ukiuliza utaambiwa hakimo. Kaa nacho.

Alipewa kuongoza idara ya nadharia ya mwendo wa hewa pale kituoni. Ile kazi ya katalogi haikutajwa tena.

Lakini kupanda huko kulikuwa na dari. Mwaka 1933 Wanazi wakashika nchi. Mjini humo humo Göttingen alikuwapo Emmy Noether, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne nzima, ambaye zamani mihadhara yake ilitangazwa kwa jina la mwanahisabati mwenzake David Hilbert kwa sababu chuo hakikutaka mwanamke afundishe kwa jina lake. Noether alikuwa Myahudi. Alifukuzwa mwaka huo huo. Irmgard hakuwa Myahudi, hivyo alibaki, ila mlango wa uprofesa kwa mwanamke katika Ujerumani ile ulikuwa umefungwa. Mwaka 1938 aliolewa na Wilhelm Flügge, mhandisi wa ujenzi aliyebobea katika miundo ya maganda membamba, naye alikuwa na mkosi wake: wakubwa hawakumwamini kisiasa, akanyimwa kupanda. Mmoja alizuiwa kwa jinsia, mwingine kwa msimamo. Wakahamia Berlin, kwenye kituo cha taifa cha utafiti wa anga, ambako watu wa aina yao walivumiliwa kwa kuwa Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Wanazi, alihitaji ndege kuliko alivyohitaji usafi wa itikadi.

Sitalifunika hili kwa shuka. Ndege zile zilikuwa za vita, na vita vile tunajua vilifanya nini. Hodari anaweza kuwa hodari ndani ya nyumba mbaya, na msomaji anayo haki ya kuliuliza jambo hilo mpaka mwisho. Mimi simwandiki mama huyu kama mtakatifu. Namwandika kama mfanyakazi, na nakukumbusha wewe pia ujue kazi yako inamtumikia nani.

Berlin ilipoanza kupondwa kwa mabomu, mwaka 1944 watu wa kituo walihamishiwa Saulgau, mji mdogo wa kusini. Vita vikaisha, eneo lile likaangukia mikononi mwa Wafaransa. Mwaka 1947 mume na mke wakajiunga na taasisi mpya ya utafiti wa anga ya Ufaransa, ONERA, huko Paris. Fikiria: umri umepita arubaini, nchi yako imekuwa kifusi, unaanza upya katika lugha ya waliokushinda. Alianza. Akapewa kuongoza kikundi cha watafiti wa nadharia ya mwendo wa hewa, na mambo yalikuwa mazuri. Tatizo la Paris ni kwamba hakukuwa na nafasi kubwa ya kupanda. Wakaiandikia Stanford.

Stanford wakajibu: karibuni. Wilhelm atakuwa profesa. Irmgard atakuwa mhadhiri.

Sababu? Kanuni. Chuo hakikuruhusu mume na mke wawe na ngazi ya uprofesa katika idara moja. Kanuni kama hizo hutungwa kwa maneno matamu, kuzuia upendeleo wa kindugu, na kila zinapotumika anayebaki chini ni mke. Alikuwa na umri wa miaka 45. Alikuwa ameongoza idara Göttingen na kikundi cha watafiti Paris. Mabawa yalikuwa yakikokotolewa kwa njia yenye jina lake.

Hapa ndipo watu wetu wangemwambia mvumilivu hula mbivu. Mimi methali hiyo naiogopa inapotoka kinywani mwa mtu aliyeshika tunda. Kuvumilia kwa kukaa kimya kunamnufaisha anayekunyima. Irmgard hakukaa. Majira ya kuchipua ya 1949 aliingia darasani na somo la kitabaka kile cha hewa cha Prandtl. Mwaka 1951 semina ya kila wiki ilikuwa imeanza. Wanafunzi wa uzamivu wakaanza kumfuata, na milango ya nyumba yake ilikuwa wazi kwao jioni. Na wakati huo huo akakamilisha kazi aliyokuwa ameianza Ujerumani, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Washa pasi ya umeme sasa hivi. Iache dakika chache. Utasikia mlio mdogo, taa yake inazimika, umeme umekatika. Ikipoa kidogo, mlio tena, taa inawaka. Pasi haijui kupunguza moto taratibu. Inajua mambo mawili tu, washa na zima. Udhibiti wa aina hiyo ni rahisi, mwepesi na haugharimu sana, na ndiyo maana wahandisi wa ndege, makombora na baadaye setilaiti waliutamani. Ila una hila. Swichi huchelewa kidogo kubonyea, na kwenye chombo kinachokwenda kasi kule kuchelewa kunaweza kukifanya chombo kiyumbe huku na huku bila kutulia. Tena hesabu za kawaida za udhibiti hukatika pale pale swichi inapogeuka, kwa kuwa zinataka mambo yabadilike polepole. Wengi walikwepa. Yeye aliingia ndani, akaeleza kwa hisabati chombo cha namna hiyo kitafanya nini na mhandisi akipange vipi kitulie. Hicho ndicho kitabu cha 1953. Cha pili, kilichoendeleza fani hiyo hadi kwenye udhibiti bora kabisa unaowezekana, kilitoka 1968.

Mhadhiri huyo!

Mwaka 1960 ulifanyika mjini Moscow mkutano mkuu wa kwanza wa shirikisho la kimataifa la udhibiti wa kujiendesha. Marekani ilituma wajumbe. Mwanamke katika msafara wake alikuwa mmoja, naye ni Irmgard Flügge-Lotz. Wageni wa nchi mbalimbali waliokuwa wakisoma maandishi yake kwa miaka mingi wakamwona ana kwa ana, na upuuzi wa cheo chake ukawa haufichiki tena. Ilipofika 1961 Stanford ilikuwa imemfanya profesa kamili, tena katika idara mbili kwa mpigo: umakanika wa kihandisi, na ile ya ndege na vyombo vya angani. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa uhandisi katika chuo hicho.

Alikuwa na miaka 57. Alistaafu 1968 akiwa na 65. Piga hesabu mwenyewe uone chuo kilifaidi miaka mingapi ya mhadhiri na kikalipia miaka mingapi ya profesa.

Sifa nyingine zikaja zikikimbizana, kama zinavyokuja zikijua zimechelewa. Mwaka 1970 taasisi ya Marekani ya wahandisi wa anga ilimchagua kuwa mwanachama wake wa daraja la juu (Fellow), na mwaka huo huo chama cha wanawake wahandisi kikampa tuzo. Mwaka 1971 alitoa mhadhara unaobeba jina la mtaalamu wa mwendo wa hewa von Kármán, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Chuo Kikuu cha Maryland kikampa shahada ya heshima 1973. Viungo vyake wakati huo vilikuwa vikiuma kwa baridi yabisi, lakini hata baada ya kustaafu aliendelea kuchunguza namna ya kuziongoza setilaiti. Alifariki Palo Alto tarehe 22 Mei 1974, ameacha makala zaidi ya 50 na vitabu viwili.

Sasa nirudi kwako. Kuna watu watakaokwambia ufanye kazi kwa bidii na dunia itakulipa. Sitakudanganya hivyo. Noether alifanya kazi kuliko wote na akafa uhamishoni 1935 bila kupata kiti alichostahili katika nchi yake. Cheo kinaweza kuchelewa, kinaweza kuja na kukukuta una mvi, na kinaweza kisije. Ninachokwambia ni kwamba kazi yenyewe hawawezi kukunyima wakati ipo mikononi mwako. Irmgard angeweza kuingoja barua ya chuo ndipo aanze semina. Angeingoja, wale vijana wangepita bila mwalimu, kitabu kisingeandikwa, na kule Moscow angekwenda mwingine.

Kwa hiyo fanya, na ufanye kwa jina lako. Hilo la jina nalisisitiza. Njia ya Lotz inajulikana kwa sababu aliiandika, akaisaini, akaichapisha. Ukitengeneza mfumo wa kupanga ratiba shuleni, weka jina na tarehe. Ukirekebisha mashine iliyowashinda mafundi wa kiwanda, andika ukurasa mmoja unaoeleza ulifanyaje, upeleke kwa mkuu wako, na nakala ubaki nayo. Ukialikwa kueleza kazi yako mbele ya watu, nenda wewe, usimtume bosi akusemee. Kudai haki yako usiache pia. Omba kupandishwa kwa maandishi, na ukikataliwa omba tena mwaka unaofuata ukiwa na kazi mpya mkononi. Kazi iliyoandikwa ndiyo shahidi atakayesimama siku wanaokujua hawapo.

Anza na saa ulizo nazo. Yeye alianza na nusu siku.

Na kama wewe ndiye uliyekaa upande wa pili wa meza, mkuu wa shule, meneja wa rasilimali watu, mkuu wa idara chuoni, neno langu la mwisho ni lako. Unamjua. Yuko ofisini kwako, anafanya kazi ya ngazi mbili juu ya anayolipwa, na unasema kanuni hairuhusu. Stanford nayo ilisema hivyo, na kanuni iliyoshindikana kwa miaka kumi na zaidi ikawezekana mara moja walipoona aibu mbele ya wageni. Kesho asubuhi fungua faili lake, mpe anachostahili, na usingoje hadi watu wa Moscow wakuulize.